Vibao vya gia vya kujitengenezea kwenye usukani wa michezo: azima kitufe kilichopo, jasho lako lipeleke kwenye bawaba

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimepata usukani wa Logitech Driving Force GT wa mtumba, nautumia kwenye kompyuta. Gia nabadilisha kwa ule mkono mdogo wa upande wa kulia au kwa vitufe vya usoni. Kwenye kona vyote vinanishinda: nikiachia mkono usukani unanitoka, nikitafuta kitufe kidole gumba hakikipati. Nataka kuweka vibao vya gia nyuma ya usukani, nivitengeneze mwenyewe. Jamaa mmoja ameniambia lazima ninunue Arduino na niandike programu. Ni kweli? Na nifanyeje ili kibao kiwe na ule mkato wa "tak", kisilegeelegee? Nina chuma cha kulehemu na mita, na redio nimezoea kuzitengeneza. Msomaji, Morogoro.

Jibu: Ndugu yangu wa Morogoro, Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu, huihitaji. Kila kitu cha kielektroniki unachokitaka kiko tayari ndani ya usukani wako. Unachokosa ni vipande viwili vya bati, bawaba mbili na swichi mbili. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wanaoanza kazi hii humaliza fedha na jioni zao kwenye programu, halafu kibao chenyewe wanakibandika kwa gundi chapuchapu. Umeme wa kazi hii ni mdogo sana. Ufundi wote uko kwenye bawaba.

Fikiria kitufe kinavyofanya kazi. Kina ncha mbili zisizogusana. Ukikibonyeza zinagusana, na chipu iliyo ndani inasoma kwamba kimebonyezwa. Chipu haiwezi kujua kama zimegusanishwa na kidole chako pale usoni au na swichi nyingine iliyofungwa sentimita 15 kutoka hapo. Kwa hiyo ukitoa waya mbili kwenye ncha za kitufe cha kupandisha gia ukazipeleka kwenye swichi ya kibao, unapata vitufe viwili vya kazi moja, kama kengele ya nyumba yenye kitufe getini na kingine barazani. Kile cha zamani kinaendelea kama kawaida.

Njia hii haijali kiwanda kilipanga vipi mambo ya ndani. Kuna usukani ambao vitufe vyake vimepangwa kwa safu na mistari inayokatana, na kuna ule wenye chipu ndogo inayokusanya hali ya vitufe vinane na kuituma kimoja baada ya kingine kwenye waya mmoja. Wewe unagusanisha ncha zilezile ambazo kitufe kingezigusanisha, basi. Kuna faida nyingine kubwa zaidi. Driving Force GT huzunguka digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Waya wowote mpya unaotoka usukanini kwenda mezani lazima uvumilie kujiviringisha na kujiviringua mara elfu kwa elfu. Ukiunganisha ndani ya usukani wenyewe, ishara inapita kwenye kebo ya kiwandani, iliyowekwa kwa kazi hiyohiyo. Mchezo nao hauhitaji kuelezwa chochote, na siku ukiupeleka usukani kwenye PlayStation 3 vibao vitafanya kazi, kwa kuwa kwa upande wa mashine hakuna kilichobadilika.

Kabla hujagusa bisibisi, chagua vitufe utakavyoviazima. Kwenye Windows fungua dirisha la Run, andika joy.cpl, chagua usukani wako, kisha fungua sifa zake. Utaona taa ndogo zenye namba; bonyeza kitufe kimoja kimoja, andika namba zake kwenye karatasi, na uchague viwili ambavyo mchezo wako unavitumia kupandisha na kushusha gia. Cha kulia kipandishe, cha kushoto kishushe. Huo ndio mpangilio uliozoeleka kwenye magari ya mashindano, na ukizoea kinyume utateseka siku utakayokaa kwenye usukani wa mwenzio.

Sasa chomoa kebo ya USB na adapta ya umeme, vyote viwili. Piga picha kila hatua unapofungua, na skrubu zipange kwa mahali zilipotoka kwa sababu urefu wake hutofautiana. Ndefu ikiingia shimo la fupi hutoboa plastiki ya mbele. Ukifika kwenye bodi ya vitufe, tazama ni aina gani. Kama ni swichi ndogo za mraba zenye miguu minne, kumbuka kwamba miguu hiyo imeunganishwa miwili miwili kwa ndani. Ukichukua miwili iliyo upande mmoja unaweza kuangukia ile ambayo tayari ni kitu kimoja, na gia itakwama imebonyezwa. Chukua miguu iliyokaa kimshazari, pembe kwa pembe. Hapo huwezi kukosea.

Kama ni vitufe vya mpira vyenye kidoti cheusi cha kaboni chini yake, kazi inahitaji subira zaidi. Yale mapitio meusi yaliyo kwenye bodi mara nyingi yamepakwa kaboni, na risasi ya kulehemu haishiki juu ya kaboni hata ukikaa na chuma mpaka kesho. Fuata njia ya shaba kwa macho au kwa mita hadi upate kitundu chenye metali au nukta ya kupimia. Ukikosa, kwangua taratibu ile rangi ya kijani kwa ncha ya wembe mpaka shaba ing'ae, kisha ulehemu hapo. Na kama badala ya bodi ngumu umekuta karatasi laini ya plastiki yenye mistari iliyochapwa, usiweke moto. Itayeyuka. Fuata mistari hiyo hadi inapobanwa kwenye bodi ngumu, ulehemu huko.

Jambo ambalo mafundi wazuri wa redio hulikosea ni hili: wanapitisha waya tatu. Wanadhani upande mmoja wa kila swichi ni ardhi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme, kwa hiyo wanaunganisha vibao vyote kwenye waya mmoja wa pamoja. Katika usukani wenye vitufe vya safu na mistari, vitufe viwili vinaweza kuwa havina ncha ya pamoja kabisa, na hapo ukivuta kibao cha kushoto unaamsha kitufe usichokijua. Pitisha waya nne, mbili kwa kila kibao, na shida hiyo haitakuwepo. Wala usipeleke betri wala umeme wa aina yoyote kwenye waya hizo. Ni za kugusanisha tu.

Kuhusu waya wenyewe, chagua wenye nyuzi nyingi nyembamba ndani, kama ule wa kebo ya zamani ya USB. Waya wa kebo ya mtandao ya ukutani una uzi mmoja mnene wa shaba, na kwenye kitu kinachotikisika kama usukani huu hukatika ndani kwa ndani huku ganda likionekana zima. Waya wa visikizi nao una varnishi inayokataa risasi, uache. Risasi ya 60/40 yenye ulimbo ndani ndiyo rahisi zaidi kuifanyia kazi. Weka chuma kwenye digrii 320 hadi 350, gusa kwa sekunde mbili au tatu na uondoe. Baada ya kulehemu, bana waya kwenye bodi kwa tone la gundi ya moto sentimita moja kutoka kwenye kiungo, ili ukivutika uvute gundi na si kile kipande chembamba cha shaba. Kikishang'oka, kukirudisha ni kazi ngumu kuliko kazi yote hii.

Swichi zitoke wapi? Kwenye kipanya kibovu cha kompyuta. Chini ya kila kibonyezo kuna swichi ndogo yenye miguu mitatu, nyepesi, yenye mlio safi, iliyoundwa kuvumilia mamilioni ya mibofyo. Lakini tafuta vipanya viwili, uchukue swichi ya kulia ya kila kimoja. Ya kushoto huwa imechoka, na swichi ya kipanya iliyochoka ina tabia ya kujibofya mara mbili. Kwenye kompyuta hilo ni kero; kwenye kona ni gia mbili zimeshuka kwa mvuto mmoja na magurudumu ya nyuma yamefunga. Miguu mitatu ni wa pamoja, unaogusana ukibonyeza, na unaoachana ukibonyeza. Usikisie. Weka mita kwenye mlio, tafuta jozi inayonyamaza swichi ikiwa huru na kulia ikibonyezwa. Ndiyo hiyo.

Wanaopenda mlio mkubwa hutumia swichi za mlango wa maikrowevu, zenye ulimi wa chuma na nguvu zaidi. Ni nzuri kweli, ila usifungue maikrowevu mwenyewe kuzitafuta: kapasita yake huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mwombe fundi wa majokofu na maikrowevu akupe za kwenye chuma chakavu chake.

Tufike kwenye kibao, ambako ndiko swali lako la pili lilipo.

Vibao vya gia vilikuja kwenye Formula 1 mwaka 1989 na gari la Ferrari 640 lililobuniwa na John Barnard, lenye gia saba zilizobadilishwa kwa vibao viwili nyuma ya usukani. Dereva Nigel Mansell alishinda nalo mbio za kwanza kabisa za gari hilo, Brazil, tarehe 26 Machi mwaka huo. Lengo lilikuwa lilelile lako: mikono isiondoke usukanini hata katikati ya kona. Ndiyo maana umbo la kibao lianze kwenye vidole vyako. Shika usukani unavyoshika ukiendesha, mwambie mtu achore kwa kalamu mahali ncha za vidole vya shahada na vya kati zinapoangukia, na uso wa kibao uwe hapo. Acha nafasi ya kutosha kati ya kibao na ukingo wa usukani ili vidole visibanwe, lakini isizidi hadi unyooshe vidole kukitafuta.

Bati la alumini la milimita 2 linatosha, na mabaki yake yapo kwa mafundi wa madirisha ya alumini na wafua sufuria. Usitumie chuma. Kibao cha milimita 100 kwa 40 kwa unene huo kina uzito wa gramu 22 hivi kikiwa alumini, na gramu 63 kikiwa chuma. Vibao viwili vya chuma ni zaidi ya gramu 120 zinazozungushwa na mota ndogo ya ndani ya usukani, na mitetemo midogo ya barabara ambayo mota hiyo inajaribu kukupa mikononi itafifia. Hakikisha pia vibao vinalingana uzito, la sivyo usukani utakuwa ukivuta upande mmoja. Kata kwa msumeno wa chuma, lainisha kingo kwa tupa kisha msasa mpaka kidole kisihisi kona yoyote. Plastiki ngumu ya mabango ya matangazo inapendeza, lakini hupasuka kwenye matundu ya skrubu. Ukiitumia, iwe milimita 4 au zaidi.

Bawaba isiwe na mchezo. Chukua bawaba ndogo ya sanduku, itikise kwa vidole. Ikicheza upande kwa upande, irudishe dukani. Iliyocheza kidogo kwenye pini itacheza milimita kadhaa kwenye ncha ya kibao, na huko kulegealegea unakokuogopa kunazaliwa hapo, wala si kwenye swichi. Unaweza pia kuacha bawaba kabisa ukatumia skrubu ndefu ya M3 (unene wa milimita 3) iliyopita kwenye matundu ya kipande cha alumini kilichokunjwa kwa umbo la U.

Mahali pa kuweka swichi pana hesabu yake. Tuseme kutoka bawabani hadi kwenye swichi ni milimita 20, na kutoka bawabani hadi kidole kinapovuta ni milimita 60. Kidole kitasogea mara tatu ya mwendo wa swichi, na kitahisi theluthi moja tu ya ugumu wake. Swichi ya kipanya inabofya kabla ya kufika milimita moja, kwa hiyo kidole kitasogea milimita 2 au 3, ambayo ni nzuri. Ila swichi ile ilikuwa nyepesi tayari. Ukigawa kwa tatu hakibaki kitu. Ukipumzisha kidole tu, gia inaingia. Mtu akiona hivyo hukimbilia springi ya kalamu. Springi hufanya kibao kirudi, lakini hukipa ugumu unaopanda polepole kadiri unavyovuta, na ule mkato unaoutaka hauji.

Mkato huja na sumaku. Gundisha sumaku ndogo nyuma ya kibao, na mbele yake, kwenye fremu isiyosogea, weka skrubu ya chuma ambayo kichwa chake kinanaswa na sumaku kibao kikiwa kimetulia. Nguvu ya sumaku ni kubwa sana ikigusa na hushuka ghafla ikiachia hata milimita moja. Kwa hiyo kibao kinashikilia, kinashikilia, kisha kinaachia mara moja, na kwa mwendo huohuo kinaipiga swichi. Huo ndio "tak" wako. Huwezi tena kuvuta nusunusu: ama gia imeingia ama haijaingia. Ukitumia skrubu ya M4, kila mzunguko mmoja unaisogeza milimita 0.7, hivyo unarekebisha mwendo wa kibao kwa robo mzunguko hadi mkono wako uridhike. Sumaku nzuri zimo ndani ya diski kuu mbovu za kompyuta, ingawa hizo ni kubwa na hupasuka zikikatwa. Za duara za milimita 10 zinazouzwa madukani ni rahisi zaidi. Zisikae karibu na chuma cha kulehemu, maana za aina ya kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita digrii 80. Na kama usukani wa mtu mwingine anayesoma hapa una vihisi vya sumaku, aziweke mbali navyo.

Kitu cha mwisho kwenye kibao ni kizuizi. Baada ya swichi kubofya, nguvu yote ya mkono wako lazima ikomee kwenye kitu kigumu, isiishie juu ya swichi. Weka skrubu ya pili yenye kipande cha mpira wa tyubu kichwani, irekebishe ipokee kibao mara tu baada ya mlio. Bila kizuizi, swichi ya kipanya haimalizi mwezi kwa mtu anayevuta kwa hasira. Skrubu zote zishike kwa gundi ya kufungia nyuzi au rangi ya kucha. Mtetemo wa mota hulegeza kila kitu kisichoshikwa. Hata Mansell siku ile ya Brazil alibadilishiwa usukani katikati ya mbio kwa sababu wa kwanza ulikuwa unalegea.

Kuna njia ya pili ambayo kwa usukani wako hasa inafaa kuifikiria. Magari kadhaa, yakiwemo ya Ferrari na Mitsubishi Outlander, vibao vyake havizunguki na usukani. Vimefungwa kwenye shina la usukani, sehemu isiyozunguka. Wewe nawe unaweza kufunga vibao virefu kwenye kasha la chini, kisha uunganishe waya zake na swichi za ule mkono wa gia wa upande wa kulia, ukizipima kwanza kwa mita. Hakuna waya unaozunguka, na mota haibebi uzito wowote. Kwa michezo ya magari ya barabarani ambako unazungusha usukani sana, kibao kinakuwa mahali pamoja siku zote. Kwa mbio za viwanjani ambako mikono haibadilishi mshiko, napendelea vinavyozunguka na usukani.

Wapo pia wanaofunga usukani halisi wa gari kutoka kwa wauza vipuri chakavu, wenye vibao vyake tayari. Kama una wazo hilo siku za usoni, tafadhali sana: mfuko wa hewa uondolewe na fundi wa magari kabla usukani haujafika nyumbani. Ndani yake kuna kilipuzi, na hata mkondo mdogo wa mita ya kupimia unaweza kukiamsha. Usiupime, usiufungue, usiuhifadhi chini ya kitanda.

Arduino ina mahali pake. Kama usukani wako umefungwa kwa gundi na haufunguki, au unataka vitufe zaidi ya vilivyopo, nunua ya aina ya Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4 inayoweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kidhibiti cha michezo. Aina ya Uno haifanyi hivyo kirahisi. Utalazimika kuandika kwenye programu isubiri milisekunde 5 hadi 10 baada ya mguso wa kwanza, kwa sababu ncha za swichi hudundadunda kabla ya kutulia, kazi ambayo usukani wa kiwandani tayari unajifanyia. Na kwenye PlayStation kifaa hicho hakitatambuliwa kama sehemu ya usukani. Ni njia ya kompyuta tu.

Kabla hujarudisha kifuniko cha nyuma, chomeka usukani na uache ujizungushe kujipima, mikono yako ikiwa mbali na nyaya zilizo wazi. Kisha fungua joy.cpl tena. Vuta kila kibao polepole mara 20, halafu haraka mara 20, huku ukizungusha usukani hadi mwisho wa kila upande. Taa ya namba yako iwake mara moja kwa kila mvuto na izime kibao kikirudi. Ikiwaka mara mbili, swichi imechoka, ibadilishe. Ikibaki imewaka, skrubu ya sumaku imeingia mno au kizuizi kinamzuia ulimi wa swichi kurudi; legeza robo mzunguko, jaribu tena. Ikiwaka usukani unapozunguka bila kuguswa, kuna waya umebanwa na kifuniko au unavutika, na hapo usifunge hadi umeupata.